Mwonyi umejaa shamba, natoaje mafuta yake?

Kijana wa Shinyalu:
Wadau salamu. Nimepanda mwonyi, ule mmea wa jamii ya mrehani wenye kafuri, kama robo eka hivi kando ya mahindi na umeshika vizuri, sasa unatoa maua. Wazee huku huutumia kwa homa na kufukuza mbu lakini mimi nataka ile kafuri yenyewe nitengeneze balm ya kupaka, niuze soko za hapa. Shida nikichemsha majani kwa sufuria nyumba yote inanukia mpaka kwa jirani, maji yakipoa ni rangi ya chai tu, juu hakuna kitu. Wengine naskia huloweka kwa spiriti. Nielekezeni, mfuko wangu si mkubwa.

Mama Lurambi:
Kijana wangu, hiyo harufu inayofika kwa jirani ndiyo mali yako inatoroka. Kafuri peke yake huchemka juu ya digrii 200 lakini mvuke wa maji huibeba mapema kabisa, na hapa kwetu juu maji yanachemka kama 95 hivi. Kwa hivyo ushike mvuke. Maji chini ya pipa, wavu juu yake, majani juu ya wavu yasiguse maji, funika vizuri, mvuke upite kwa mfereji uliozama kwa maji baridi. Majani yaanike kivulini, jua linakuibia.

Jakisumo:
Hahaha mama si huo ni mtambo wa chang'aa kabisa, ile pombe kali ya kienyeji 😂😂 chifu akipita utamwambia ni mwonyi akuamini?

Mama Lurambi:
Cheka tu lakini ni kweli, amwite chifu aone kabla hajawasha moto. Na asinunue pipa lililokuwa na dawa ya shamba, hata lioshwe vipi. Stenlesi kama anaweza.

Fundi Bomba Kaks:
Hapo kuna kitu hamjasema na ndicho kitamuumiza. Chang'aa hutoka maji, kafuri HUGANDA. Ukitumia koili nyembamba na maji baridi sana, inashika ndani ya mfereji kama chumvi nyeupe, njia inafunga, mvuke unakosa pa kutokea na pipa linakuwa bomu. Mfereji uwe mpana na umenyooka, uteremke, mwisho wake uwe wazi saa zote, usiuingize kwa chupa ukaziba na matambara. Maji ya kupozea yaache yawe vuguvugu kidogo, mfereji ukianza kufunga yaache yapande moto kafuri ilainike na mvuke uisukume itoke. Mfuniko nao ufungwe kwa unga uliokandwa, presha ikizidi unga unaachia kabla pipa halijapasuka. Kinachotoka kipokee kwa ndoo ndani ya maji baridi sana, kafuri itaganda juu, chuja kwa kitambaa safi.

Jakisumo:
Na spiriti je?

Fundi Bomba Kaks:
Inatoa kila kitu, rangi ya kijani, nta ya jani, halafu uipashe moto kuiondoa, spiriti na jiko la kuni hapana. Ile ya dukani ya rangi nayo ina methanoli, hiyo hupakii mtu.

Dada wa Famasi Nakuru:
Mimi nauliza, utaweka kiasi gani? Gramu 5 za kafuri kwa gramu 95 za mafuta ya mgando inatosha kabisa, Marekani balm za dukani kikomo ni asilimia 11. Nunua mizani ya dijitali, msipime kwa jicho. Na tafadhali iandike kwa mkebe kwamba si ya kumeza na si ya watoto chini ya miaka 2, mtoto akimeza kidogo tu anapata degedege na anaweza kufa. Ukiandika "inatibu" lazima upitie Pharmacy and Poisons Board, bodi ya dawa, pia KEBS, shirika la viwango, kwa alama ya ubora.

Omwana wa Msitu:
Nenda uone Muliru Farmers kando ya msitu wa Kakamega, wamekamua mwonyi wa shambani miaka mingi wakisaidiwa na icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, balm yao ni Naturub na 2010 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Usiingie msituni kuvuna tu, KFS, watu wa huduma ya misitu, watakushika.

Kijana wa Shinyalu:
Mbarikiwe wote. Kwa chifu naenda kesho. Fundi, mfereji wa inchi moja unatosha?

Fundi Bomba Kaks:
Moja na nusu. Ukipata wa mbili chukua wa mbili.