Yule fundi wa boti za jeti kanivua nguo mbele ya wageni wangu, eti "SHIDA NI DEREVA"

Wakuu naandika bado nimelowa chapachapa na hasira zimenijaa mpaka kooni. Yule fundi. Simtaji, mnamjua, kila mwenye boti ya jeti ashawahi kumlilia Mungu kwa ajili yake. Leo wageni wameshakaa ndani, maboya wamevaa, umati umejaa gatini, mtu mzima anafungua mdomo: "Boti haina shida, shida ni dereva."

Dereva!!

Nilimpelekea kazi mbili tu. Jeti haina propela, pampu inanyonya maji kwa mdomo ulio chini na kuyatema nyuma. Sasa mdomo wangu ulishaliwa na kokoto na mabawa ya impela, ile feni ya ndani ya pampu, yana mapengo, halafu pezi moja la chini lilishang'oka. Na jeti bila mapezi mnaijua, haishiki kona vizuri, na ukiachia mafuta ndo kabisa, inateleza itakako yenyewe. Akakaa na boti mpaka panya wakaoa na kuozesha mle ndani, akarudisha imepakwa rangi inameremeta. Nakanyaga mafuta, injini inalia mpaka ndege wanahama mji, boti iko palepale. Namwita. Akainama, akasikiliza, akajifuta mikono ambayo hata grisi haina, ndo akatoa hilo la dereva. Mama mmoja akaanza kufungua boya lake ashuke.

Nikaivuta nchi kavu nikaingia chini mwenyewe. Mapezi mapya kayafunga MBELE ya mdomo wa pampu, usawa uleule maji yanapoingilia! Pezi linachana maji, mapovu yanaingia moja kwa moja ndani, impela inasaga hewa tupu, boti itaendaje? Mwanya kati ya mdomo na bodi kapachika silikoni ya bafuni, nimeivuta kwa ukucha ikatoka ndefu kama tambi. Pale inakaa silanti ya poliurethani ya boti, ile gundi ya kuzibia maji, na inaachwa ikauke sio unapaka huku boti inashuka majini. Matundu ya bolti hayana silanti hata tone, maji yanajinywea kwenye fiberglasi. Impela hata hakuigusa, kati ya bawa na ringi inayoizunguka panatakiwa pasifike milimita moja, pangu vitambulisho viwili vinapita kwa mpigo na picha zake.

Halafu dereva ndo mimi. Mbele ya wageni!

NangaMbovu: Pole sana mkuu. Ila tuambie ukweli, kuendesha unajua? 😂

Shafti_Imepinda: Boti unapokea huchungulii chini, fundi kakosea wapi sasa

Mleta mada: Rangi ilikuwa mbichi ulitaka nilambe? Na hilo la dereva mbona hamlisemi

BintiBandari: Huyohuyo! Mimi boti inatetemeka ikaishiwa nguvu, akasema jeti ndo zilivyo zina kikohozi. Nikafungua wavu wa mdomo nikakuta kamba ya nailoni imejiviringisha kwenye shafti, unaweza kuanikia nguo za ukoo mzima. Mkuu hayo mapezi sogeza nyuma na pembeni ya mdomo, matundu ya zamani ziba kwa epoksi bodi ikishakauka.

MzeePropela: Ndo mjue, mngekuwa na propela msingekuwa humu mnalia

BintiBandari: Propela yako ikigusa jiwe mzee unarudi na kasia. Sisi tunapita maji ya magotini

MzeePropela: Mnapita na kokoto zote mnazinyonya, nyie mna boti au mna mafagio? Ila mafundi kweli wamelaaniwa, wangu kabadili oili ya giaboksi, safari fupi tu nafungua imetoka nyeupe pee, akaniambia ndo rangi ya oili mpya

Shafti_Imepinda: 😂😂 rangi ya oili mpya

Mleta mada: Jamani tulikuwa kwenye DEREVA

BintiBandari: Mzee hayo ni maji yameingia, sili ya shafti, ule mpira wa kuzuia maji, imekatika. Vua propela uangalie nyuma yake, mara nyingi ni mshipi wa kuvulia

MzeePropela: Aisee kweli upo, umejizungusha mpaka ukazama kwenye sili! Basi namjua mwenye mshipi, yule bwana anayevulia gatini usiku na mchana, simtaji mnamjua

NangaMbovu: Yule mwenye kofia?? Ndoano zake zimenichania tairi za trela mzee, fungua uzi wake tuje