Barua ya onyo kwa kushika boksi la mafuta ya kupikia! Hiki ni chuo ama ni nini?

Wakuu, salaam. Nina hasira na nitaandika ndefu, asiye na muda apite. Jina la chuo silitaji kwa sababu kesi bado iko mezani na sitaki kuwapa kosa la tatu la kunibandika. Jueni tu ni Kampala, chuo cha binafsi, na ada inatoka kwenye pensheni ya mzee wangu.

Yalianza na maji. Hosteli yetu ya wasichana, ghorofa nne, mifereji ilikauka siku tisa. Siku tisa, jamani! Jerikeni ya lita 20 tulikuwa tunanunua kwa vijana wa boda shilingi 1,000, na akikupandishia hadi juu unaongeza 500. Choo cha ghorofa yetu sikielezi, huenda kuna mtu anakula. Matroni akatuambia tuvumilie. Tukapeleka barua ofisi ya mlezi wa wanafunzi, karani akaigonga muhuri akaitupa kwenye trei. Siku ya saba mwakilishi wetu wa gildi, yaani serikali ya wanafunzi, akaenda kuiulizia, akaikuta palepale, juu yake sahani ya kikomando, chapati na maharage, iliyoliwa nusu. Doa la maharage lilikuwa limeshafika kwenye saini zetu.

Siku ya tisa, Jumanne, tukasema basi. Hatukuchoma tairi, hatukurusha jiwe, hata wimbo hatukuimba. Tulikuwa kumi na wawili, kila mmoja na jerikeni yake tupu, tukazipanga mstari mbele ya jengo la utawala tukakaa chini. Mimi nilichana boksi la mafuta ya kupikia nililopewa kantini, nikaandika kwa kipande cha makaa: SIKU YA TISA HATUJAOGA. NYIE JE? Baada ya dakika kama 40 askari wa getini wakaja, wakachukua vitambulisho, wakachukua boksi, wakabeba na jerikeni. Za watu! Moja nilikuwa nimeiazima kwa jirani.

Maji yalirudi Jumatano alfajiri. Kumbe ni pampu tu, fundi alimaliza kazi kabla ya chai.

Ijumaa jioni naletewa barua. Makosa mawili. La kwanza, mkusanyiko usioidhinishwa. La pili, shikeni viti vyenu: "kuonyesha maandishi katika lugha isiyofahamika kwa utawala, yanayoshukiwa kuwa ya uchochezi". Hiyo lugha isiyofahamika ni Kiswahili! Katiba ya nchi hii ilikifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, halafu jengo zima la utawala likose mtu wa kusoma maneno sita? Na ni uongo. Askari aliyeninyang'anya lile boksi alilisoma kwa sauti, akacheka hadi akashika kiuno. Mzee yule alikuwa jeshini, Kiswahili anakijua kunishinda.

Sasa nikaitafuta hiyo kanuni ya mikusanyiko. Ukitaka kuandamana ndani ya chuo unaomba kibali siku saba za kazi kabla. Unaandika majina na namba za usajili za waandaaji wote. Unaambatisha maneno ya kila bango "kwa uhakiki". Ukikubaliwa, unapewa maegesho ya nyuma ya stoo, ambako atakayekusikia ni paka wa kantini. Yaani maji yakikatika leo, unamwomba yuleyule unayemlalamikia akuruhusu umlalamikie, halafu unakaa wiki na nusu na uvundo wako ukisubiri jibu.

Linganisheni na ile sheria ya 2013 ya mikusanyiko ya hadhara, iliyopigiwa kelele na nchi nzima kuwa ni ya kikandamizaji. Ile ilitaka taarifa siku tatu kabla. Tatu! Na bado Machi 2020 Mahakama ya Katiba ikabatilisha kifungu chake kilichowapa polisi nguvu za kuzuia mikusanyiko. Mahakama hiyohiyo 2008 ilishafuta kifungu cha Sheria ya Polisi kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia watu kukusanyika. Kumbe kilichowashinda serikali chuo changu kimekiweza, tena kwa kuongeza siku.

Najua mtakuja na "chuo cha binafsi kina taratibu zake, hukulazimishwa kujiunga". Someni ibara ya 20 ya Katiba: haki hizi ziheshimiwe na vyombo vya serikali na watu wote. Watu wote, wenye vyuo wamo. Halafu shukeni ibara ya 29, kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Jerikeni tupu ni silaha?

Hofu yao naielewa kidogo. Julai 2022 mwanafunzi aliuawa kwenye vurugu za kampeni za gildi pale Makerere, na toka hapo wakubwa wa vyuo wakiona wanafunzi watano wamesimama pamoja wanaona jeneza. Sawa, zuieni mapanga na pombe, nitakuwa wa kwanza kuwaunga mkono. Ila pia tunakumbuka 2019, hapohapo Makerere, wasichana walipoanza kupinga nyongeza ya ada ya asilimia 15. Walioingia mabwenini kupiga watu walikuwa wanajeshi, si wanafunzi.

Kilichoniuma kuliko barua yenyewe ni kwamba walimpigia baba. Mzee ana presha. Akanipigia saa tatu usiku, sauti chini: "Mwanangu, umeenda kusoma ama kugombana na wenye shule?" Mimi ni Mnubi, uzao wa askari wa zamani waliotoka Sudani, nimekulia kambi ya jeshi ya Bombo. Huko huko kambini, mnakodhani hakuna kusema, maji yakikatika kina mama walikuwa wanatoka na ndoo zao hadi mlangoni kwa mkubwa, na mkubwa anatoka kuwasikiliza. Baba mwenyewe alikuwepo. Nilipomkumbusha akanyamaza, kisha akauliza kama nimekula.

Kikao cha nidhamu ni Jumatatu saa tatu asubuhi. Barua Ijumaa jioni, kikao Jumatatu, wakili nimtoe wapi? Na wametupa fomu iliyochapwa tayari: unaomba radhi na kuahidi kutoshiriki "mkusanyiko wa aina yoyote" hadi uhitimu. Aina yoyote, hata ibada sijui. Wenzangu saba wameshasaini. Siwalaumu, wengine wako mwaka wa mwisho. Mimi sijasaini.

Wenye uzoefu nisaidieni. Ibara ya 42 inasema chombo cha utawala kinitendee haki, je, naweza kuitumia kuomba kikao kisogezwe? Naruhusiwa kuingia na mtu wa gildi? Na nikidai walete lile boksi kama kielelezo watalileta, ama wameshaliwashia jiko? Wa "saini tu yaishe", nimewasikia, asanteni.

NYONGEZA, Jumamosi mchana: Mnaouliza jerikeni ziko wapi, bado ziko kibanda cha askari. Leo nimeona moja, ile ya jirani yenye kifuniko chekundu, mtu wa bustani anamwagilia nayo maua ya mbele ya utawala.