Je, dhamiri ya mtu inaweza kuyapinga maadili yaliyomlea?

Mkazi wa Ngaramtoni, Arusha
Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Mimi na mke wangu tumekataa binti yetu akeketwe. Sheria inamlinda tangu mwaka 1998, lakini sheria haikai nasi katika vikao vya ukoo. Wazee wanasema kwamba dhamiri ninayoitaja ni ubinafsi tu, na kinachonisumbua ni kuwa wazee hao hao ndio walionifundisha kutomdhulumu mnyonge. Je, anayekataa mila ya jamii yake ameyaacha maadili ya pamoja?

Mwalimu, Moshi
Hapana, na nadhani jibu umekwisha kulitoa mwenyewe, kwa kuwa dhamiri yako ilifundwa na wazee hao. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alieleza mwaka 1893 kwamba kadiri kazi zinavyogawanyika na watu kuishi maisha yasiyofanana, imani zinazowaunganisha wote hupungua, lakini heshima kwa utu wa kila mmoja huzidi kupata nguvu, na heshima hiyo nayo ni imani ya pamoja. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu wa mwaka 1981, ambao mahakama yake iko huko kwenu Arusha, unalinda uhuru wa dhamiri katika ibara ya 8, kisha katika ibara ya 29 unamtaka kila mtu aimarishe maadili mema ya Kiafrika kwa uvumilivu, mazungumzo na mashauriano. Maadili hayo mema hayawezi kujulikana pasipo watu wa kuyapima.

Mzee wa Sakina
Kuhusu binti nakubali kabisa. Hata hivyo, si kila dhamiri inastahili kuachiwa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba za kupangisha, na masharti hayo yalipolegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991, tuliona jinsi mtu aliyeachiwa nafsi yake anavyojihalalishia mengi. Mimi huisikiliza dhamiri inayomgharimu mwenyewe, kama yako inavyokugharimu heshima katika ukoo. Ile inayomwongezea mtu mali naitilia shaka.

Mkazi wa Ngaramtoni, Arusha
Shikamoo mzee, na ahsante mwalimu. Kipimo hicho nimekielewa, ila sehemu ya gharama itamwangukia binti, ambaye wenzake wa rika huenda wakamtenga. Nitazungumza naye kwanza, kabla sijarudi kwenye kikao.