Vitabu vya fizikia, ulimwengu na jamii: nianze na kipi?

Kapulya: Wakuu, natafuta vitabu vitatu vinne vya sayansi kwa msomaji wa kawaida: fizikia, ulimwengu, na kimoja cha jamii za watu. Hesabu zangu ni za kidato cha nne. Nianze na A Brief History of Time ya Hawking?

Mwakanuru: Mkuu, Hawking mweke wa tatu. Kitabu kina mlinganyo mmoja tu, E=mc², kwa hiyo wengi hukidhania chepesi. Sura za mwanzo zinateleza. Ya nane inaleta muda unaopimwa kwa namba zisizo halisi (kama kipeuo cha pili cha -1), na hapo wengi hukifunga. Tangulia na Six Easy Pieces ya Feynman. Mhadhara wa kwanza ni wa atomu, na una jambo la jikoni: supu ukiipuliza inapoa kwa sababu molekuli zinazochomoka ndizo zenye kasi kubwa, na mvuke uliopeperushwa haurudi bakulini. Ukilishika hilo, umeshaanza kuelewa joto ni nini. Mihadhara ipo bure kwenye tovuti ya chuo cha Caltech, onja kabla ya kununua.

Dira_Kusini: Tazameni na mwaka. The First Three Minutes ya Weinberg (1977) kwangu bado haina mpinzani kwa ulimwengu ulipokuwa mchanga, ila ilitangulia ugunduzi wa 1998 kwamba upanukaji wa ulimwengu unaongezeka kasi. Na soma ukiwa na kalamu! Mstari mwekundu katika mwanga wa haidrojeni uko kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Kwenye galaksi fulani ukiuona 662.9, umesogea asilimia 1, basi galaksi inatukimbia kwa asilimia 1 ya kasi ya mwanga: km 3,000 kwa sekunde. Gawa kwa 70 (ulimwengu unapanuka kwa km 70 hivi kwa sekunde kwa kila megaparseki, kipimo cha umbali), upate umbali wa megaparseki 43 hivi, yaani miaka ya nuru milioni 140. Hesabu hiyo unaiweza.

Pwani_Msomi: Kwa jamii, Guns, Germs, and Steel ya Jared Diamond (1997). Nguvu yake iko kwenye mazao na majira: ngano ya mvua za kipupwe haikuvuka tropiki, ikafika Rasi ya Tumaini Jema na Waholanzi waliohamia 1652, ingawa hali ya hewa ya huko inaifaa kabisa. Anza na sura ya 19, ya Afrika na kuenea kwa Wabantu, maana hapo unaweza kumpima kwa unayoyajua. Udhaifu wake ni kwamba jiografia haielezi maamuzi ya watawala. Sapiens ya Harari, historia ya binadamu, inasomeka haraka, lakini huruka kutoka ushahidi mdogo hadi dai kubwa. Kila anaporuka, weka alama pembeni.