Kipande cha oti na chokoleti, kashata ya ufuta au bakuli la mbaazi: faiba iko wapi hasa?

Mwana_Mikindani (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina swali la tumbo, msinicheke. Tangu nihamie kazi ya kukaa, choo kimekuwa cha kubembeleza. Daktari kaniambia niongeze nyuzinyuzi, au faiba kama wengi tunavyoita. Jumamosi nikapita duka moja hapa Mtwara mjini, nikakuta vile vipande virefu vya oti (ile nafaka ya uji, oats) na chokoleti kutoka nje, juu vimeandikwa kwa herufi kubwa kuwa vina faiba nyingi. Kimoja 3,500. (Wenyewe wanaviita baa. Wewe mwambie mkeo kwamba leo asubuhi umeanzia baa, uone.)

Nimenakili nyuma ya karatasi: uzito gramu 40, kalori 140, mafuta gramu 4, wanga gramu 29, ndani ya huo wanga faiba 9 na sukari 10. Protini 2.

Kwa upande wa pili kuna kashata za ufuta za 500 na korosho zetu za kukaanga. Naomba mnilinganishie, kwa tumbo na kwa mfuko.

Njomba_Nachingwea
3,500 kwa kitu cha kung'ata mara nne? Njomba, hiyo hela nunua mbaazi, mle nyumba nzima na majirani waulize mna sherehe gani.

Lishe_Ngapa
Kaka Mwana, lebo umeisoma nusu. Anza na hesabu ndogo. Oti kavu gramu 100 zina faiba kama gramu 10. Kipande chako ni gramu 40. Hata kingekuwa oti tupu, bila chokoleti wala sukari, kingetoa gramu 4. Hizo nyingine 5 zimetoka wapi? Geuza karatasi usome viambato. Kinachoandikwa kwanza ndicho kilichoingia kwa uzito mkubwa kuliko vyote. Tuandikie vitatu vya mwanzo.

Mwana_Mikindani
Ngoja nitoe karatasi kwenye ndoo ya taka, samahani. Cha kwanza: mzizi wa chikori uliokamuliwa. Cha pili: oti nzima. Cha tatu: sukari. Chokoleti iko ya nne. Chikori ndiyo nini?

Lishe_Ngapa
Hapo sasa. Chikori ni mmea unaolimwa sana Ulaya, Ubelgiji hasa. Mizizi yake zamani ilikaangwa ikasagwa kuongezea kahawa. Siku hizi wanakamua kitu kinaitwa inulini, unga mweupe wenye utamu kwa mbali. Utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya, inapita nzima mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanaichachua. Kwa hiyo ni faiba kweli, si uongo wa lebo. Mamlaka ya chakula ya Marekani iliikubali kama faiba mwaka 2018, na Ulaya wanaruhusu kusema inasaidia choo kutoka mara kwa mara, ila kwa gramu 12 kwa siku.

Lakini usiichanganye na ya oti. Oti wana faiba yao, beta-glukani, inayogeuka kama uji mzito tumboni. Hiyo ndiyo yenye sifa ya kushusha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu, ukipata gramu 3 kwa siku. Kwenye gramu 100 za oti inakuwa kama gramu 4. Sasa ndani ya kipande chako, ambamo oti wako nafasi ya pili, unapata ngapi? Hata gramu 1 na nusu sidhani. Mtu akinunua kile kipande kwa ajili ya moyo akidhani anakula oti, amenunua chikori iliyovaa kanzu ya oti.

Na hayo maneno "faiba nyingi" yanategemea umesimama wapi. Marekani kipimo chao cha siku ni gramu 28, na chakula kinaitwa chenye faiba nyingi kikitoa asilimia 20 ya hiyo kwa kipimo kimoja cha kula, yaani karibu 5.6. Ulaya wanapima kwa gramu 100, na inatosha ziwemo 6. Kwa hiyo kipande cha gramu 40 chenye faiba 2.4 tu kinaweza kuandikwa maneno yale yale Ulaya. Usisome mbele, soma nyuma.

Mama_Wawili
Jamani mimi niseme ukweli wangu. Mwaka jana nilikuwa natoka Dar kwa basi, sikutaka kula njiani, nikabeba viwili vya namna hiyo hiyo. Cha kwanza Kibiti, cha pili kabla ya Nangurukuru kwa sababu vitamu. Kufika Nangurukuru vijana wananyanyua korosho dirishani, mimi tumbo limejaa kama ngoma ya kuwambwa, linaunguruma mpaka baba wa watu niliyekaa naye akafungua dirisha bila kuniuliza. Mpaka Mnazi Mmoja ya Lindi nilikuwa nimeshikilia kiti cha mbele. Sijavila tena.

Lishe_Ngapa
Pole dada. Viwili ni gramu 18 za faiba ndani ya saa chache, nyingi ni inulini, na kwenye basi maji mtu hanywi kwa kuogopa haja. Bakteria wakichachua kitu kingi kwa pamoja, gesi lazima itoke mahali. Anayeanza aanze na nusu kipande, na maji ya kutosha. Faiba bila maji inafunga zaidi.

Fundi_Kashata (Lindi)
Nimeona kashata yangu imetajwa, nitajibu kwa haki ingawa najiharibia. Mimi kilo ya ufuta natia sukari robo tatu. Piga mwenyewe: kipande cha gramu 40, ufuta kama 23, sukari kama 17.

Lishe_Ngapa
Fundi, ubarikiwe kwa ukweli. Ufuta una faiba karibu gramu 12 kwa 100, kwa hiyo kashata yako inatoa 2.7 hivi. Kalori zinakaribia 200, maana ufuta nusu yake ni mafuta. Protini gramu 4, imekipita kipande cha nje mara mbili, na kama ufuta haujakobolewa kuna kalisi (kalsiamu) nyingi. Ila sukari 17 ni zaidi ya vijiko vinne vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isivuke kama gramu 50 kwa mtu mzima kwa siku, na ikibaki chini ya 25 ni bora zaidi. Kipande cha oti kina vijiko viwili na nusu. Kwenye sukari mgeni kashinda.

Mwana_Mikindani
Na korosho? Mbona mnaizunguka?

Lishe_Ngapa
Nilikuwa naogopa kupigwa mawe. Korosho gramu 100 zina faiba 3 na kidogo tu. Kiganja kimoja cha gramu 30 ni gramu 1. Karanga zinaipita kwa zaidi ya mara mbili.

Tandahimba_Damu
Tusiheshimiane sasa? Korosho imesomesha watoto hapa.

Lishe_Ngapa
Imenisomesha na mimi kaka. Ina mafuta mazuri, protini 18 kwa 100, magnesi, yote nakubali. Ila kwa swali la choo cha mwenzetu, haimo.

Mzee_wa_Chikongola
Vijana, mimi nina kisukari mwaka wa tisa. Mjukuu aliniletea hivyo vipande akisema babu hivi ni vya wagonjwa. Nilipopima baada ya saa mbili sukari ilikuwa imepanda, si sana, lakini ilipanda. Wanga 29 ukitoa faiba 9 unabaki 20, na huo unaingia kwenye damu. Mimi nusu kipande kinanitosha, baada ya chakula. Asubuhi nakula mbaazi na kipande kidogo cha muhogo.

Mwana_Mikindani
Shikamoo mzee. Hata wewe mbaazi?

Mzee_wa_Chikongola
Marahaba. Ndiyo, ndizo nilizokua nazo.

Lishe_Ngapa
Mzee kamaliza kabla yangu. Mbaazi zilizochemshwa zina faiba kama 6.7 kwa gramu 100. Bakuli la gramu 200, lile la kawaida la mama lishe, ni gramu 13, na protini kama 13 pia, bila sukari ya kuongezwa hata chembe. Mtu mzima anahitaji angalau 25 kwa siku, kwa hiyo bakuli moja umevuka nusu. Tui la nazi linaongeza mafuta, hilo upime mwenyewe. Na gesi zipo, nisikufiche. Zilowekwe usiku, maji yale yamwagwe.

Njomba_Nachingwea
Nilisema kwenye jibu la kwanza hapo juu. Nadai ada ya ushauri.

Mama_Wawili
Kuna wazo la kutengeneza nyumbani pia. Nilijaribu: oti vikombe viwili, ndizi mbivu tatu zilizopondwa, karanga za kusaga, nikaoka kwenye sufuria la mkaa juu na chini. Vilishikana vizuri. Kosa nililofanya ni kumwagia chokoleti juu. Joto letu la Desemba, saa nne asubuhi ilikuwa imehamia kwenye kitambaa, na watoto wakalamba kitambaa.

Mwana_Mikindani
Mbaazi nimeloweka tayari, ziko kwenye beseni. Kile kipande nitabaki na kimoja kwenye droo ya ofisi kwa siku ya dharura, nusu nusu. Fundi, huwezi kupunguza sukari kwenye kashata tukupe biashara?

Fundi_Kashata (Lindi)
Nilijaribu nusu kilo ya sukari kwa kilo ya ufuta. Haishiki, ukiikata inamwagika yote. Ukiitaka hiyo njoo na kijiko.