Naomba ushauri kuhusu sura ya mwisho ya riwaya yangu ya vijana

Ndugu waandishi na wasomaji, ninaandika riwaya ya vijana kuhusu binti mtumwa wa miaka 17, katika mji wa kufikirika, anayelazimishwa kuingia mashindano ya kuuana ambayo mshindi peke yake ndiye huachiwa huru. Wazo hilo nimelichota katika Roma ya kale, ambako mtumwa aliyepigana uwanjani aliweza kukabidhiwa upanga wa mbao kuwa alama ya kuachiliwa.

Kinachonisumbua ni mwisho. Mpinzani wake wa fainali ni rafiki yake wa utotoni, na naona kumuua ni njia nyepesi mno ya kuwaliza wasomaji. Katika michezo ya kuzindua uwanja wa Colosseum huko Roma, mwaka 80 baada ya Kristo, wapiganaji wawili, Priscus na Verus, walipigana kwa muda mrefu bila mmoja kumzidi mwenzake, hata wakakubali kushindwa kwa pamoja, na Kaisari Titus akawapa wote wawili panga za mbao. Mwisho wa namna hiyo unanivutia, ila nahofia kwamba uhuru ukitolewa kwa hisani ya yuleyule anayewamiliki watumwa, msomaji atauliza huo ni uhuru gani.

Je, niwaache waupokee, au waukatae mbele ya umati na kulipa gharama yake? Na kwa wasomaji wa sekondari, damu kiasi gani inavumilika? Binti yangu wa kidato cha pili, mhariri wangu mkali kuliko wote, anataka lazima afe mtu.