Eti "hii barabara si ya kaunti" na amebebwa mgongoni!!

Wakuu nina hasira mpaka chai imenishinda. Mheshimiwa wetu, sitaji jina mnamjua, yule wa kofia, leo amekuja baraza, V8 ikazama pale chini ya posho mill, ikabidi kijana ambebe mgongoni kama mtoto wa chanjo, na HUKO JUU JUU mama mmoja akamuuliza barabara itatengenezwa lini, akajibu "hii si ya kaunti, ni ya serikali kuu, ulizeni wale." Juu ya mgongo jamani! Viatu havijagusa chini!

Katiba ya 2010 hata mimi nimesoma, Jedwali la Nne, barabara kuu za kitaifa ni za Nairobi na za kaunti ni za kaunti, sawa, lakini hii yetu inaanzia sokoni inaishia kwa josho la ng'ombe, ukuu wake uko wapi? Na wale wa serikali kuu walishatuambia ni ya kaunti. Tozo ya barabara tunakatwa shilingi 25 kila lita na hakuna anayeuliza lita ni ya nani. Lakini wacha hiyo, ALIKUWA AMEBEBWA. Mkono mmoja ameshika shingo ya kijana, mwingine anaonyesha Nairobi.

MzeeWaProbox: 😂😂 na aliyembeba alilipwa na serikali gani?

Mwenye uzi: Hakuna! Aliambiwa "Mungu akubariki".

KarangaMbili: Si wewe 2022 ulitujazia poster zake hapa? Kula matope pole pole.

SistaWaZamu: Barabara ni nafuu. Afya ilienda kaunti 2013, zahanati yetu ina rangi mpya na picha ya gavana, glavu nenda kanunue kwa kemisti.

Kiberiti: Njooni shule ya huku. Chekechea ni ya kaunti, darasa la kwanza ni la serikali kuu, kiwanja ni kimoja, choo kimebomoka kila mtu anasema si chake. Watoto wanajisaidia kwa mahindi yangu.

MzeeWaProbox: Mbolea ya bure na bado unalia?

Mwenye uzi: Jamani turudi kwa barabara, alikuwa AMEBEBWA

Kiberiti: Mbolea gani bana, kilimo ni cha kaunti halafu ruzuku inatoka juu, ukienda depo unaambiwa subiri meseji.

SistaWaZamu: Meseji mimi nilipata. Mfuko bado ni 2,500?

KarangaMbili: Ndio, ila beba kitambulisho, na ufike mapema kabla foleni ifike barabarani.

SistaWaZamu: Depo ya sokoni ama ile ya juu?